Nyuki Ndani ya Rasimu

Kila asubuhi Veneranda wa Ipole alifagia uwanja, akachota maji, kisha akafuta vumbi kwenye madumu ya asali. Msimu huo madumu yalijaa sebuleni hata wageni wakawa wanakaa magoti yamebanana. Mumewe, Tobias, alikuwa mrina asali hodari. Alikuwa hodari pia wa kujisifu, na hakuna aliyejua kazi ipi aliianza kwanza.

Madumu yote yalikuwa yanamsubiri Bi Tatu, mfanyabiashara wa sokoni, Tabora mjini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka uliopita Bi Tatu aliuziwa sukari iliyochemshwa, akaambiwa ni asali. Sasa alitaka aone video ya masega yakitoka mzingani. Asipoiona kabla ya Ijumaa, gari lake lingepita Ipole bila kusimama.

Video ilikuwepo. Veneranda aliirekodi kwa simu yake, ndani ya programu ile ambayo watu huwekea video zao. Kwa kawaida Tobias hurina giza likiingia, nyuki wakiwa wametulia. Lakini simu haioni gizani, kwa hiyo siku hiyo alipanda mti jua likiwaka. Nyuki hawakupenda. Video ikaisha vibaya, na Veneranda akaiacha kwenye rasimu, yaani mahali pa kuweka video ambayo haijakamilika. Mizinga yote ilikuwa imesharinwa. Kurekodi nyingine kungengoja msimu ujao.

Alhamisi asubuhi alikaa aikamilishe. Simu ikagoma. Ikasema imejaa.

Tobias akaja na ushauri, ingawa hakuombwa. Alisema programu ile ndiyo nzito, aiondoe, kisha airudishe ikiwa nyepesi.

"Na rasimu yangu?" Veneranda akauliza.

"Mizinga yangu inakaa porini mwaka mzima," Tobias akasema. "Nani anaigusa? Ina alama ya ukoo. Rasimu yako ina jina lako na picha yako. Ukirudi utaikuta inaning'inia pale pale."

Maneno yale yalimwingia Veneranda. Ipole nzima inajua kwamba mzinga wenye alama hauguswi. Akabonyeza programu mpaka simu ikauliza kama kweli anataka kuiondoa. Kidole kikawa juu ya "Ndiyo".

Wakati huo jirani yao Josepha alikuwa mlangoni, amekuja kuazima ungo. Josepha ni karani wa kwaya ya Moravian, na ndiye anayetengeneza video za kwaya.

"Mama Amon," akasema taratibu, "toa kidole hapo."

Veneranda akakitoa kama aliyegusa chungu cha moto. Josepha akaketi katikati ya madumu, akawaeleza. Video iliyokwisha kuwekwa hadharani hutunzwa na wenye programu. Hata ukibadili simu, ukiingia kwa jina lako utaiona. Rasimu haiko huko. Iko ndani ya simu hii tu, imeshikwa na programu hii.

"Lakini alama ipo," Tobias akasema.

"Alama humzuia mwizi, Baba Amon. Ukiukata mti mwenyewe na mzinga uko juu, alama itaokoa nini?"

Tobias akakuna kichwa. Hilo alilielewa vizuri kuliko alivyopenda.

Josepha akasema kwanza watafute nafasi. Akafungua picha. Zilikuwa sitini na moja za Tobias akiwa amevaa kofia ya wavu ya kurinia, mkono kiunoni.

"Hapa uso hauonekani kabisa," Josepha akasema. "Hata mimi nikisema ni picha zangu, nani atabisha?"

Tobias alizitetea moja moja, akashinda kwa tatu. Nyingine zikafutwa. Josepha akaonyesha pia pipa la taka la simu, kwa sababu picha iliyofutwa hukaa humo kwanza, na bado inakula nafasi. Wakalimwaga. Kisha Veneranda mwenyewe akafungua rasimu, akabonyeza "Hifadhi kwenye simu". Josepha akamwambia asiamini mpaka ameiona. Akaenda kwenye picha, akaikuta video, wakaitazama hadi mwisho.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Tobias juu ya mti, moshi, sega la dhahabu. Kisha nyuki waliingia kwenye mguu wa suruali. Tobias alishuka bila kutumia matawi, akapita mbele ya simu mbio, akimwita mama yake kwa Kinyamwezi, "Mayo, mayo," suruali ikimteremka.

"Hapo simu iliharibika," Tobias akasema.

Akaomba kipande hicho kiondolewe. Josepha akawafundisha kukata, lakini akaonya kwamba mkasi usiguse video ya kwanza. Wakatoa nakala, wakakata hiyo, Veneranda akaandika juu yake "Asali ya Ipole", wakamtumia Bi Tatu.

Haukupita muda, simu ikalia. Veneranda akaamkia.

"Marahaba, mwanangu," Bi Tatu akajibu. "Sega nimeliona. Nyuki sijawaona. Huyo bwana anatoa sega kama anatoa andazi kabatini. Nitajuaje kama hakulipachika yeye?"

Veneranda akaomba dakika chache. Akamtazama mumewe. Video nzima ilikuwepo kwenye simu, lakini aibu iliyomo haikuwa yake kuitoa nje.

"Baba Amon," akasema, "ni suruali au madumu."

Tobias akatazama madumu. Akatazama suruali ile, iliyokuwa kwenye kamba uani.

"Zimeni sauti," akasema mwishowe.

Wakatoa nakala nyingine. Safari hii Veneranda alikata mwenyewe. Alizima sauti, akawaacha nyuki wote, na suruali ilipofika magotini akakata.

Bi Tatu alipopiga tena alishindwa kusema kwa kucheka.

"Sukari haimkimbizi mtu namna hiyo," akasema alipopumua. "Kesho gari litasimama hapo kwenu."

Ijumaa jioni sebule ilikuwa tupu, na Josepha alipokuja kurudisha ungo alinyoosha miguu.

Msimu uliofuata Tobias alifunga miguu ya suruali kwa mpira wa baiskeli. Kabla ya kupanda mti aliuliza kama simu ina nafasi. Aliposhuka, sikio lake moja lilikuwa limevimba kama andazi, lakini hakulitaja.

"Umeihifadhi kwenye simu?" akauliza.

"Nimeihifadhi, na nimeitazama hadi mwisho," Veneranda akajibu. "Sauti pia ipo."