Hodi Kwenye Jukwaa la Amonia

Jambo hili lilimkuta rafiki yangu Bupe, fundi kwenye jukwaa linaloelea mbali na ufukwe wa Kawe. Pale umeme wa upepo hutengeneza amonia ya mbolea kutokana na maji na hewa. Hakuna mtu anayelala kule.

Alasiri moja upepo ulikatika, mapangaboi yakasimama na taa zikazimika. Bupe na mwenzake Azan wakaenda na boti kufunga koki ya tangi, maana amonia ikivuja ndani ya chumba huua mtu.

"Tangulia sista, mie nafunga boti," alisema Azan. "Na usianze kupiga hodi kama uko ukweni."

Bupe alicheka, lakini aliyelelewa kwa hodi haiachi. Alipofika mbele ya mlango wa chuma wa chumba cha tangi akaita, "Hodi."

Maji yaligonga vyuma chini. Kisha, kutoka gizani mle ndani, sauti ya mwanamke ikajibu taratibu, "Subiri kwanza, mwanangu."

Bupe akaachia kitasa. Papo hapo kifaa cha kupima gesi kifuani pake kikaanza kulia. Akashuka mbio hadi kwa Azan, aliyekuwa bado anahangaika na kamba.

Upepo uliporudi, feni zikaitoa gesi, nao wakaingia na tochi, kila mmoja amevaa barakoa yake ya kuzuia gesi. Hapakuwa na mtu. Barakoa ya tatu ilining'inia msumarini, kioo chake kina ukungu kwa ndani. Ukungu ule ulififia, ukarudi, ukafifia tena, polepole, kama mtu anavyopumua.