Nahodha Aliuliza, Nani Akajibu?

Ndugu zangu wa mtaa huu, mlioniona nikilia hospitalini mkadhani nimefiwa, kaeni niwaeleze. Najua wengi mmesikia nusu nusu. Mimi niliyeiona yote bado sijaielewa vizuri, lakini nitaisema kama ilivyokuwa.

Mnamjua mzee tunayemwita Nahodha, fundi saa ambaye kibanda chake kinatazamana na saluni yangu. Jumapili asubuhi, kabla wateja hawajajaa, alikuwa akivuka barabara na kikombe chake cha chai, anakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, anasukuma juu lile kofia la umeme, anavaa miwani na kunisomea hadithi kutoka kwenye simu. Mimi nasuka, yeye anasoma. Hadithi zenyewe ni za anga za juu: vyombo vinavyosafiri baina ya nyota, sayari zenye majua mawili, mashine zinazoota mikono. Mzee yule anazipenda hadithi za kubuni za sayansi kuliko chakula. Mwandishi wake alikuwa mmoja tu, binti yake, ambaye ndani ya hadithi anaitwa Rubani.

Msicheke. Hazikuwa hadithi za kupitisha wakati. Mama yake Rubani alifariki mtoto akiwa mdogo, na baba hakujua namna ya kuongea na mtoto wa kike mambo mazito. Basi wakayasemea angani. Binti akifeli mtihani, anaandika kwamba chombo kimeshindwa kutua. Baba akiwa na huzuni, anajibu kwamba taa za chombo zimefifia. Siku moja mzee alinijia jasho likimtoka.

"Jirani, mwanangu ameandika kwamba Rubani ameingia mwezini. Nadhani hiyo safari ni yako wewe, si yangu."

Nikaweka chanuo chini nikaenda. Hivyo ndivyo walivyoishi. Hata ule mlango wao wa nyumbani unaolia kila ukifunguliwa waliupandisha kwenye chombo, na hakuna hadithi iliyokwisha bila mlango kulia.

Rubani akakua, akaolewa, akahamia mji mwingine. Kazi yake ni kupokea simu za wateja. Tangu asubuhi amebanwa masikio na vipokea sauti, anawaambia watu wenye hasira "samahani kwa usumbufu". Akirudi nyumbani kuna mapacha wanaotambaa, kila mmoja na upande wake. Jumapili ikifika hana hata neno moja kichwani. Simsemi vibaya, nani kati yetu hajachoka? Mfanyakazi mwenzake akamwonyesha akili mnemba, ile programu ya kwenye simu ambayo unaiagiza ikuandikie kitu na inakuandikia papo hapo. Akaiagiza: niandikie hadithi ya mzee anayependa mambo ya anga, wawemo Nahodha na Rubani. Ikaandika. Akamtumia baba yake bila kusema imetoka wapi.

Jumapili hiyo mzee alisoma, akasita, akasoma tena.

"Jirani, mlango haujalia."

"Mlango gani?"

"Wa chombo. Hapa anasema 'ukafunguka kimya kimya.' Umetiwa mafuta lini?"

"Labda ameamua kuutengeneza."

"Bila kuniambia mimi, Nahodha?"

Lakini hadithi ilikuwa tamu, sitawadanganya. Ilikuwa ndefu, na maneno yamenyooka kama mistari ya kichwa nilichokisuka mwenyewe. Jumapili iliyofuata ikaja nyingine, tamu zaidi. Mzee akawa anafurahi huku amekunja uso. Moja ilisema Rubani amempoteza kaka yake vitani.

"Hana kaka," mzee akaniambia. "Au ana maana ya mumewe? Wamegombana?"

Akampigia mkwewe simu, akamzungukazunguka kwa mafumbo kumuuliza kama nyumba ina amani. Mkwe akadhani amechongewa, akanuna. Rubani akashangaa mumewe kanunia nini. Akamuuliza baba, baba akasema, "Wewe ndiye unayejua, mama." Nyumba mbili zikawa hazielewani, na hakuna aliyejua moshi unatoka wapi.

Sasa nisikilizeni hapa. Mzee yule ana kisukari. Akaanza kuvaa viatu vya kufunika badala ya ndala zake, nikimuuliza ananiambia baridi. Kumbe kidole cha mguu wa kushoto kina kidonda. Alikwenda hospitali peke yake, daktari akamwambia kidole kikatwe mapema. Mzee akaogopa, mtu mzima yule. Akasema atauliza nyumbani kwanza. Na akauliza, kwa njia waliyoizoea maisha yao yote. Ujumbe huo nimeuona baadaye kwa macho yangu:

"Rubani, injini ya kushoto ina nati iliyoliwa na kutu. Fundi wa kituoni anasema ing'olewe kabla haijaharibu injini nzima. Nahodha anaogopa. Unasemaje, turudi kituoni au tuendelee na safari?"

Ujumbe ulimkuta Rubani kazini, mteja anamfokea sikioni. Akaona "injini", akaona "Nahodha", akasema moyoni, baba anataka mwendelezo. Akaunakili, akaubandika kwenye ile programu, akaongeza: endeleza, iwe ya kishujaa. Jibu likaja, akalirusha kwa baba. Hakusoma la baba wala la mashine.

Jumapili mzee akanisomea, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "'Nahodha,' Rubani alisema bila kutetemeka, 'hatukuvuka nyota zote hizi ili turudi nyuma kwa sababu ya nati moja. Kituo ni cha waoga. Twende mbele.'"

Akavua miwani, akaishika mkononi.

"Anasema niende mbele."

"Uende wapi?"

"Nilidhani ataniambia nirudi. Nilikuwa na hakika kabisa."

"Nahodha, leo sikuelewi."

"Hata mimi sijielewi, jirani. Lakini mtoto akishakua, mzazi naye humsikiliza."

Akaacha chai bila kuimaliza, akavuka barabara akichechemea. Kwa daktari hakurudi. Siku nilipomkuta ameanguka kibandani mwake, katikati ya saa za watu, mwili ulikuwa unawaka moto na kiatu hakivuliki. Tulikikata kwa mkasi wangu wa nywele. Sitawaeleza tulichokiona ndani.

Rubani alifika hospitali na sare yake ya kazini. Daktari hakupamba maneno.

"Mama, huyu nilimwambia kidole. Sasa ni mguu, chini ya goti, na tuombe uishie hapo. Aliniambia anakwenda kuuliza nyumbani. Mlimwambia nini?"

"Hakuniuliza!" Rubani akasema. "Baba yangu hajaniuliza kitu. Shangazi, amekuuliza wewe?"

Shangazi ndiyo mimi, ananiita hivyo tangu utotoni. Nikatikisa kichwa. Daktari akatutazama kwa zamu.

"Kila nikimgusa anasema kituo ni cha waoga. Kituo gani?"

Mzee akafumbua macho. "Nilikuuliza, mwanangu. Ukasema twende mbele."

Nilimwona binti akitoa simu. Akapandisha ujumbe, akapandisha tena, akafika. Akausoma ule wa baba yake kwa mara ya kwanza. Kisha akasoma jibu lake, ambalo nalo alikuwa hajalisoma. Mara anatazama simu, mara anatazama mguu. Akakaa chini sakafuni, na hapo ndipo mliponikuta nalia.

Mguu ulikatwa. Mzee akapona, Mungu ni mkubwa. Alipopata nguvu za kukaa, binti alimweleza yote mbele yangu, hakujitetea. Ilimchukua mzee muda kuelewa.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na nani?"

"Na mashine, baba."

"Mashine ilijua kwamba injini ni mguu wangu?"

"Haikujua. Iliombwa hadithi, ikatoa hadithi."

"Na wewe hukujua."

"Sikujua, baba."

"Ile ya sayari ya vumbi, niliyoipenda kuliko zote, nayo haikuwa yako?"

"Haikuwa yangu."

"Basi chombo kilikuwa kitupu," akasema. "Nilikuwa napiga kelele humo peke yangu."

Hakugomba, na ingekuwa afadhali angegomba. Aligeukia ukutani, na kwa siku kadhaa binti alimwosha, akamlisha, akamgeuza, hakupata kwake zaidi ya "ahsante".

Jumapili iliyopita nilimsukuma mzee kwa kiti cha magurudumu hadi saluni. Simu ikalia. Aliitazama kama mtu asiyejua kama afungue au aache. Mwishowe akavaa miwani, akasoma. Ilikuwa hadithi fupi, mbaya kweli, mimi nisiyejua kuandika ningeiandika vizuri zaidi. Maneno yamerudiwa, nukta hakuna. "Rubani alilala usukanini Nahodha akaita hakusikia. Rubani hana la kusema. Rubani anaomba afunguliwe amesimama nje mlango unalia."

Mzee akasoma hapo pa mlango mara mbili, kisha akanitazama, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Unalia," akaniambia. "Jirani, mlango unalia. Huyu ni yeye."

Akaanza kuandika jibu, herufi moja moja, kwa kidole chake kile kinene cha fundi.

FUNZO

Ndugu zangu, mimi siilaumu mashine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nayo haijawahi kulala nyumbani kwa mtu. Itumieni kwa kazi zenu, nani amewakataza? Lakini baba yako, mama yako au mtoto wako akikuuliza jambo, hata akilifunga ndani ya hadithi ya nyota, usome kwanza, na ujibu mwenyewe. Kama umechoka, mwambie umechoka; hilo nalo ni jibu, na ni lako. Rubani angeandika "baba, leo siwezi", mzee angempigia simu amwambie wazi, na mguu ungekuwepo.