Mbeyu na Mashine ya Jicho Moja

Kila siku akitoka shule, Mbeyu alipitia kisimani, akatua ndoo jikoni, kisha akakimbilia barazani kwa baba yake. Kahindi, baba yake, alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani pale Magongo, Changamwe, na msaidizi wake alikuwa binti huyo wa miaka kumi na miwili. Baba akinyoosha mkono tu, Mbeyu amekwisha kumpa bisibisi, tena ile ile anayoitaka.

Ijumaa moja ya Julai, mwaka wa 1947, Mwalimu Gershom alifika barazani na sanduku kwapani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mbeyu. Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu ana jicho moja. Mchana hasemi neno. Ukimfungia gizani, hutapika watu ukutani."

Baba na binti wakatazamana. "Tumeshindwa. Twakupa mji, chukua Jomvu Kuu!"

"Nimekwenda Jomvu Kuu, nikala samaki nikashiba, nikarudi." Mwalimu akafungua sanduku. "Mgeni ni huyu."

Ilikuwa mashine ya sinema ya nyumbani, ya kuzungusha kwa mkono. Mzungu mmoja aliyerudi kwao alikuwa ameiacha. Kioo chake kilikuwa na ukungu, na magurudumu yalijaa vumbi.

"Kesho alasiri nimewaahidi watoto wote wa shule," Mwalimu alisema. "Hawajaona sinema hata siku moja."

Baba akajaribu mpini, ukazunguka kwa kelele. "Asubuhi tutaifungua," akajibu.

Jioni baba alipotoka kumjulia hali jirani, Mbeyu alibaki na mashine. Akazungusha mpini. Kwii, kwii! Chupa ya mafuta ya nazi, yale ya kupaka nywele, ilikuwa dirishani. Akadondosha kidogo hapa, kidogo pale. Kelele zikakoma, mashine ikazunguka kimya kimya. Mbeyu akacheka peke yake. "Baba atashangaa kesho!"

Kweli alishangaa. Kulipokucha alishika mpini, haukwenda. Akaongeza nguvu. Wapi!

"Jana ilikuwa ikizunguka," alisema. "Mhimili umepinda huu. Sina mwingine, itabidi niugonge unyooke." Akachukua nyundo.

Hapo mama akaita kutoka ndani, "Mbeyu! Yaanike juani mafuta haya, yameganda kwa baridi!"

Mbeyu akapokea chupa. Mafuta yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa. Akajua mara moja kilichoikaza mashine. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini baba alikuwa amekwisha kuinua nyundo.

"Baba, usipige! Ni mimi!"

Kahindi akaiweka nyundo chini, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akainusa mashine.

"Ehe. Inanukia wali wa nazi." Hakucheka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungenyamaza, ningeivunja mashine ya watu. Basi mwanangu, mkono uliotia ndio utakaotoa. Kaa hapa."

Mbeyu akatandika kitambaa cheupe. Kila parafujo aliyoifungua aliilaza kwa mpango, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia, ili wakati wa kurudisha aanzie kulia. Magurudumu aliyaosha kwa mafuta ya taa akitumia unyoya wa kuku. Kioo alikifuta kwa kitambaa laini cha pamba, polepole, mpaka akajiona humo. Mwisho akatia tone moja moja la mafuta ya cherehani.

Randu, mtoto wa jirani, alikuwa amesikia yote kutoka uani kwao. "Fundi wa nywele!" akapiga kelele. "Umeisuka mashine mistari mingapi?"

"Nikiisha kuisuka hii, nitakuja kukusuka ulimi!"

Parafujo zote zilirudi, hata moja haikubaki. Mpini ukazunguka vizuri. Lakini utepe wa picha uliokuja na mashine, walipoutia, haukusogea. Mbeyu akamtazama baba. Baba akatazama barabarani.

Mbeyu akaitazama cherehani iliyokuwa kando yake, akafikiri. "Baba, cherehani ina meno chini ya kitambaa. Yapanda, yasukuma, yashuka. Na hii ina ukucha unaovuta utepe. Nimeuweka kinyume! Washuka wakati wa kupanda."

"Mimi sijasema neno," baba alijibu, akitabasamu.

Mbeyu akaufungua ukucha, akaugeuza. Utepe ukasogea, tundu kwa tundu.

Alasiri ile madirisha ya darasa yalizibwa kwa mikeka, na shuka ikatundikwa ukutani. Mwalimu akaunganisha taa ya mashine na betri ya lori, Mbeyu akashika mpini. Mara gari la moshi likatokea ukutani, likija mbio. Watoto wa mbele wakaruka kutoka kwenye mabenchi, na wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Randu.

Picha zilipokwisha, Mwalimu alisema, "Kahindi, ahsante. Umeitengeneza kweli."

"Si mimi, Mwalimu. Aliyeikaza ni binti yangu, na aliyeilegeza ni yeye. Mimi nilishika nyundo, nikakaribia kuivunja." Kahindi akawageukia watoto. "Wanangu, mkono wa fundi hukosea, hata huu wangu. Lakini fundi wa kweli husema 'ni mimi' kabla nyundo haijashuka. Mbeyu alisema."

Akatoa mfukoni bisibisi yake ndogo, ile aliyoipenda kuliko zote, akampa. "Tangu leo hii si yangu."

Mbeyu hakuwa na mfuko. Akaichomeka katika nywele zake zilizosukwa, akatembea nayo kichwa juu mpaka nyumbani. Nywele zilikuwa ziking'aa, na mafuta ya nazi safari hii yalikuwa mahali pake.