Kilo Sabini na Mbili

Nilitumwa kitu kidogo tu. Jua lilikuwa linazama nikiwa nafunga kiduka changu cha umeme wa magari, Kaka akanipigia simu.

"Mdogo wangu, pitia gereji uliwashe lile gari dakika tano, uone kama betri inachaji. Kesho asubuhi tunalipandisha kwenye lori twende mashindanoni, na mimi bado nimekwama huku kwenye mambo ya tairi."

"Haya, naenda."

"Halafu..." Akashusha sauti. "Usikae kile kiti cha kushoto."

"Najua, Kaka."

Kila mtu alijua. Kiti cha kushoto kilikuwa cha Ramani, na Ramani alikuwa amekufa.

Ngoja niwaeleze. Ramani alikuwa rafiki wa Kaka tangu wakiwa wanavaa kaptula. Jina hilo alipewa kwa sababu kwenye mashindano ndiye aliyekaa kushoto akimsomea Kaka njia, kona baada ya kona. Mwaka juzi gari lao la kwanza lilipinduka likashika moto. Kaka alitoka. Ramani hakutoka. Kaka alitusimulia msibani, mikono yake ikiwa imefungwa bandeji, kwamba kifungo cha mkanda wa mwenzake kiliganda. Alikibonyeza, akakivuta, akakipiga kwa jiwe, kikakataa, mpaka moto ukamfukuza. Sote tulilia. Mwaka uliofuata Kaka akamwoa mjane wa Ramani. Watu walisema wee, mwisho wakachoka. Mimi nilimpenda wifi yangu huyo, nikaona yaishe.

Ndipo Kaka alipoanza kuunda gari la pili.

Lilikuwa gari la milango miwili, jekundu, fupi, limelala chini kama paka anayenyemelea. Injini ilibadilishwa. Ikafungwa tabo kubwa, ile ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu, yenye mdomo mpana kama bakuli. Ukikanyaga mafuta inapiga mluzi, ukiachia inapiga chafya. Ndani liling'olewa kila kitu ili liwe jepesi: viti vya nyuma, mazulia, redio, hata vishikio vya milango. Madirisha yalikuwa plastiki ngumu isiyofunguka. Mlango wa dereva ulifunguliwa kwa kamba iliyoning'inia kwa ndani. Mlango wa kushoto haukuwa na kamba. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mchana wa siku hiyo niliyotumwa tulikuwa tumelipima uzito, mimi na wenzangu wawili tuliosaidia kuliunda: Profesa, fundi wa kuchomelea ambaye hakuna alichokosa kusoma kwenye mtandao, na Bi Rangi, mama aliyelipaka ule wekundu. Tuliliweka juu ya mizani nne, moja kila tairi, na jumla ikatokea kwenye kioo kidogo kilichotundikwa ukutani mbele ya gari. Profesa alishapiga hesabu zake siku nyingi. Kilo mia tisa na themanini.

Kioo kikaonyesha elfu moja na hamsini na mbili.

"Mizani mbovu," Profesa akasema.

"Labda wewe ndiye mbovu," Bi Rangi akamjibu. "Umesahau kujumlisha yale mabomba yako uliyoyachomelea kama unajenga daraja."

Tukacheka. Tukabadilisha mizani, zile za kulia tukaziweka kushoto. Jibu likawa lile lile. Tukafungua mlango kutazama kama kuna spana imesahaulika. Hakukuwa na kitu. Zilikuwa kilo sabini na mbili za ziada, na karibu zote zilikuwa upande wa kushoto.

Bi Rangi aliacha kucheka. Alikitazama kile kiti kitupu, chenye mikanda yake iliyofungwa vizuri kana kwamba kuna abiria.

"Ramani alikuwa na kilo ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Profesa aliokota kofia yake akasema ana kazi ya mtu.

Basi jioni ile nikafika gereji peke yangu. Nikanyanyua ule mlango mkubwa wa bati mpaka kiunoni, nikafunga mnyororo wake kwenye ndoano, nikainama nikaingia. Taa ya ndani ilikuwa imeungua. Mwanga wa nje ulitosha. Gari lilikuwa bado juu ya mizani, na kioo cha ukutani kiliwaka kijani.

1052.

Nikaketi kwa dereva, nikawasha. Injini ikaunguruma, ukuta wote ukatetemeka. Nikatazama geji. Betri haikuwa inachaji. Nikachomoa ufunguo.

Gari halikuzima, na hilo halikunishtua, maana nilikifunga mwenyewe kifaa cha kulichelewesha kuzima. Tabo ikizimwa ghafla ikiwa ya moto inaharibika, kwa hiyo injini huendelea dakika tatu baada ya kuchomoa ufunguo. Saa ndogo ikaanza kurudi nyuma. Tatu kamili. Mbili na hamsini na tisa...

Nikaona waya unaning'inia chini ya dashibodi, upande wa kushoto. Ndio huo! Nikanyoosha mkono kutoka kwa dereva, haukufika. Nikajaribu tena. Dakika moja tu, nikajiambia. Nachomeka, natoka. Mikanda nilikuta imelegea, imefunguka, imelala pembeni. Nikajisogeza, nikakaa kile kiti.

Kilikuwa na joto.

Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Nikachomeka waya haraka. Ndipo nikasikia mnyororo.

Krrrrr...

Pah!

Mlango wa bati ulikuwa umeshuka. Giza. Na kabla sijageuka, mlango wa gari upande wa dereva ukajifunga taratibu, bila kishindo, kama mtu mwenye adabu anavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nikataka kuinuka.

Tik.

Mikanda ilikuwa kifuani mwangu. Miwili ya mabega, mmoja wa kiuno, imebana mpaka pumzi ikatoka. Sikuigusa. Naapa sikuigusa.

Nikabonyeza kifungo. Hakuna kitu. Nikabonyeza kwa mikono miwili, nikapiga kwa ngumi. Saa ya gari ilikuwa inamalizia. Tatu... mbili... moja... Nikashusha pumzi. Injini itazima, nitapiga kelele, walinzi wa jirani watasikia.

Sifuri.

Ikarudi tatu kamili. Ikaanza upya.

Hapo nikaelewa kwamba ninaweza kufa. Gereji imefungwa, injini inaunguruma, moshi hauna pa kutokea. Nilishaanza kuuonja kooni, mtamu mtamu, na kichwa kilikuwa kinagonga kwenye paji la uso. Simu ilikuwa inalia kwenye begi langu, sakafuni, nje ya gari. Niliona mwanga wake. Ikalia, ikakata. Ikalia tena.

"Kaka!" nikaita. "Kaka, nipo huku!"

Sauti yangu iligonga plastiki ya dirisha ikanirudia.

Kisha harufu ikabadilika. Haikuwa moshi wa injini tena. Ilikuwa nywele. Nywele zinazoungua... na nguo... na kitu kingine ambacho sitakitaja.

Nikasikia mtu anahema. Mhemo haukutoka nyuma yangu wala pembeni. Ulitoka pale pale nilipokaa, kana kwamba tumepakatana. Mgongo wangu ulihisi kifua kikipanda na kushuka.

Na karibu kabisa na sikio langu...

"Fungua."

Mkojo ulinitoka. Siwafichi.

"Fungua..."

"Siwezi!" nikalia. "Na mimi nimefungwa! Siwezi!"

"Fungua. Fungua. Fungua."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alikuwa anaomba, kama mtu anayemwomba rafiki yake. Nami nilishaijua ile sauti. Ni sauti iliyokuwa ikiniita "shemeji mdogo" kwa utani kila ikija nyumbani kula.

Macho yakaanza kuona mara mbili mbili. Nikapapasa kiunoni, nikapapasa pembeni ya kiti, nikitafuta chochote cha kukata mkanda. Mkono ukazama kati ya kiti na sakafu. Ukagusa kitambaa kilichofungwa mafundo mafundo. Chini ya kitambaa, ukagusa chuma.

Kifungo. Cha moto kama pasi.

Sikufikiri. Nilidhani ndicho kinachonishika. Nikakibonyeza kwa dole gumba.

Kikafunguka.

Injini ikakohoa, ikazima. Kimya kikashuka kama blanketi. Gari likainuka. Nilisikia springi zake zikipumua, kama mtu mzima anaposhuka. Mbele yangu, ukutani, namba za kijani zilikuwa zimesimama kwenye 1113, mimi na gari na yeye. Zikatetemeka. Zikashuka.

1041.

Na mimi nilikuwa bado nimekaa.

Mikanda ikaniachia. Nikajivuta kwa dereva, nikashika kamba, nikaanguka sakafuni, nikatambaa mpaka kwenye bati. Nililinyanyua kwa mgongo. Hewa ya jioni iliniingia nikatapika. Anga bado lilikuwa na wekundu kidogo; nilidhani nimekaa usiku kucha, kumbe hazikutimia hata dakika kumi na tano.

Pikapu ya Kaka ikaingia kwa kasi. Akaruka chini.

"Mbona hupokei simu? Nina..." Alikuwa anatazama mkono wangu.

Nilikuwa bado nimekishika kile kitu. Kipande cha mkanda wa gari, kimeungua pande zote mbili, na kifungo chake cheusi. Kilikuwa kimezungushiwa kitambaa chekundu chenye mafundo saba, na sasa yote yalikuwa yamelegea.

"Umefungua," Kaka akasema. Hakuwa anauliza.

"Nilikuwa nakufa, Kaka."

Hakuniuliza kama nimeumia. Alitazama ndani ya gereji, akatazama barabara, huku na huku, kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni.

"Alishukia upande gani?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga! Alielekea wapi?"

Akanisukuma ndani ya pikapu, akaiondoa kabla sijafunga mlango.

Njiani alizungumza vipande vipande, macho barabarani. Ramani alikuwa anarudi nyumbani, akasema. Tangu siku walipofunga ndoa. Kila jioni, saa ya taa kuwashwa, alisimama kwenye kibaraza na mgongo wake ukifuka moshi. Mke wake alikuwa hamwoni, anaisikia harufu tu, anauliza nani anachoma takataka. Kaka alivumilia miezi mitatu. Kisha akaenda kwa mtu. Mtu huyo akamwambia: mfunge kwa kile kile kilichomfunga, umwekee pa kukaa, hatatembea tena.

"Ndiyo maana ukaunda gari," nikasema.

"Ndiyo maana nikaunda gari."

Nilikitazama kifungo mapajani mwangu. Kilikuwa kimepoa. Nikakichomeka, kikashika. Nikakibonyeza kwa kidole kimoja.

Tik. Kikafunguka.

"Kaka. Ulituambia kiliganda."

Akabadilisha gia.

"Nimekibonyeza mara moja tu, Kaka. Na kimepita motoni."

Akakanyaga mafuta.

Nyumba yao ilikuwa na taa zote zinawaka. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kaka alisimama kizingitini na asivuke. Mimi ndiye niliyepita mbele.

Wifi alikuwa amekaa sebuleni, kwenye kochi la watu wawili, pembeni kabisa, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi. Mikono ameiweka magotini. Hakuwa analia. Kochi lilikuwa limebonyea upande wa pili.

Harufu ilikuwepo.

"Wifi," nikanong'ona. "Wifi, uko salama?"

Hakunitazama. Alimtazama mume wake pale mlangoni, kwa muda mrefu, kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa mtu aliye hai.

"Ameniambia," akasema.

Kaka akakaa chini, pale pale kizingitini, akaficha uso kwa mikono ile yenye makovu.

Wifi aliondoka jioni ile ile na begi moja. Nilipojitolea kumsindikiza hadi kwa mama yake, alikataa kwa upole.

"Sipo peke yangu," akasema.

Daktari alisema ni moshi. Ukivuta moshi wa injini katika chumba kilichofungwa, akili inaona na kusikia vingi, na nilikuwa na bahati kubwa. Profesa naye alikubaliana naye, akanitumia na makala ya kusoma. Nimeisoma. Inaeleza vizuri sana kilichonipata mimi kwenye gari. Kuhusu Wifi haisemi kitu, na Wifi hakuvuta moshi wowote.

Kaka sasa anakaa kwangu, chumba cha nyuma. Hafanyi kazi, haendeshi. Chakula anakula. Ila kila jioni, taa zikianza kuwashwa, huniomba nimfungie mlango kwa nje.

Nami humfungia. Kisha hukaa jikoni, nikisikiliza, maana kuna jioni ambazo Kaka huanza kunong'ona kule ndani, polepole, kwa sauti isiyo yake, akiniomba nimfungulie.