Jina Lililotoka Menengai

Kesho yake baada ya akika, Kuluthum alimwita mwanawe kwa jina kwa mara ya kwanza, na akaitikiwa.

Alikuwa uani anafua nepi. "Sharwandi," alisema kwa mchezo, kama mama yeyote anayeonja jina jipya mdomoni. "Sharwandi wangu."

"Labeka," sauti ikajibu kutoka chumbani.

Ilikuwa sauti ya mtoto aliyekwisha kujua kusema, sauti yenye adabu. Kuluthum alidhani mtoto wa jirani ameingia kuchungulia kichanga. Akajifuta mikono, akaingia. Hapakuwa na mtu. Mwanawe alikuwa amelala kitandani, na chumba kizima kilinuka kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

Hakumwambia mumewe, Darweshi. Mzazi wa juzi akisema kitu, huambiwa alikuwa anaota.

Tena jina lile lilikuwa fahari ya Darweshi. Pale Bondeni, mjini Nakuru, ukisimama mlangoni pa msikiti ukaita Ali, nusu ya waliomo watageuka. Darweshi na mkewe walikaa miaka mingi bila mtoto, na huyu alipokuja, babake alitaka awe na jina ambalo akiitwa ataitika yeye peke yake. Siku ya akika, Maalim Ishak aliuliza jina lile limetoka wapi, maana hajalikuta kitabuni. Darweshi akasema lilikuwa la babu yake wa Lamu. Watu wakala pilau, wakalisifu jina.

Haikuwa kweli. Darweshi alikuwa dereva wa lori la kuni, na utingo wake aliitwa Kimaiyo. Mchana mmoja, kabla mtoto hajazaliwa, walikuwa wakipakia kuni karibu na ukingo wa lile shimo kubwa la volkeno la Menengai. Ukungu ulikuwa umelijaza. Kutoka chini kabisa, ambako hakuna nyumba wala njia, Darweshi alisikia mwanamke akiita polepole, kama anayemwita mtoto aje kula. "Sharwandi. Ewe Sharwandi."

"Umesikia?" Darweshi aliuliza.

Kimaiyo hakuinua macho. Wakiwa huko juu alikuwa akimwita mwenzake kwa mluzi tu, hata siku moja hakulitaja jina lake. "Mimi sijasikia kitu," alisema. "Na wewe pia hujasikia. Panga kuni twende."

Lakini Darweshi alikuwa amekwisha kulipenda. Akashuka nalo.

Kuluthum aliacha kumwita mtoto kwa jina. Majirani hawakuacha, na kila walipolitaja kitu kiliitika kwa sauti ambayo yeye peke yake aliisikia, mara nyuma ya pipa la maji, mara chini ya kitanda, kila siku karibu zaidi. Kichanga akawa halii. Akawa hanyonyi, anakonda. Macho yake yalitazama juu ya bega la mamake, yakifuata kitu kilichokuwa kikipita.

Alasiri moja, upepo wa ziwani ukipeperusha vumbi jeupe la magadi mpaka dirishani, Kuluthum alijilaza na mtoto ubavuni, usingizi ukampitia, na katika usingizi ule akahisi mtoto amelishika titi na ananyonya, ananyonya kwa nguvu ambayo hakuwahi kuwa nayo, naye akashukuru kwamba hatimaye mwanawe amepata hamu, akapeleka mkono ampapase kichwa, na vidole vyake vikazama katika nywele ndefu, baridi, zilizolowa kama majani ya asubuhi, na alipofumbua macho bila kuthubutu kusogeza shingo alimwona mwanawe kule ukingoni mwa kitanda, amelala chali, midomo imekauka, ilhali kile kilichokuwa kifuani pake kilikuwa bado kinanyonya.

Alisema bismillahi, kwa pumzi zaidi kuliko sauti. Uzito ukamtoka kifuani, na nyayo ndogo zikakimbia sakafuni kuelekea ukutani, zikanyamaza.

Darweshi aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe ameketi nje kizingitini, amemkumbatia mtoto.

"Jina hili umelitoa wapi?" Kuluthum aliuliza. "Na usinitajie Lamu."

Darweshi akamweleza. Kabla ya magharibi walikuwa barazani kwa Maalim Ishak, naye akawasikiliza mpaka mwisho bila kuwakemea.

"Jina hili lina mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Naye ni mtoto. Huku anaitwa na mama, anakuja. Kule mamake anamwita, haendi tena. Nyinyi mnamwogopa huyo anayenyonya. Mimi namwogopa huyo anayemtafuta."

"Tufanyeje, Maalim?"

"Wewe Kuluthum ndiye utakayemrudisha, maana anakuitikia wewe. Mwite palepale ukingoni. Akishaitika, ondoka. Usimjibu neno, usigeuke kumtazama." Kisha akainama, akamnong'oneza kichanga jina jipya sikioni, halafu akawanong'oneza wazazi. Salimu. "Msilitamke mpaka mrudi mjini. Kule juu kuna wanaosikiliza."

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, na lori la kuni lilikuwa na ruhusa ya kutembea mchana tu. Asubuhi wakapanda Menengai na Kimaiyo. Hakuna aliyethubutu kumwacha mtoto nyumbani, kwa jinsi pumzi yake ilivyokuwa nyembamba. Darweshi akabaki naye ndani ya lori, pamoja na Kimaiyo. Kuluthum akaenda ukingoni peke yake.

"Sharwandi," aliita.

"Labeka, mama." Ilikuwa nyuma yake, kwenye pindo la kanga.

Na kutoka chini, ndani ya ukungu, mwanamke akaita jina lilelile. Sauti yake ilikuwa imekauka, sauti ya mtu aliyeita siku nyingi bila kupumzika. Kuluthum machozi yalimtoka. Akageuza mwili bila kutazama pindoni, akaanza kutembea kuelekea kwenye lori.

Kanga ikavutwa. "Mama, mbona huniangalii?"

Aliendelea kutembea. Kanga ikakazwa mpaka ikamkata kiunoni, kisha ikaachiwa. Kule chini mwito ukakoma.

Alipofika kwenye lori, mwanawe alikuwa akilia kilio kikavu cha njaa, mdomo unatafuta. Kuluthum akampakata, akamnyonyesha. Darweshi aliegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yakimtikisika.

"Nyonya, baba," Darweshi alisema. "Nyonya, Salimu wangu."

Kimaiyo alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Wakasikiliza. Ndege walikuwa wamenyamaza. Kisha kutoka shimoni sauti ya yule mwanamke ikapanda, sasa haikuwa kavu tena, ikilijaribu jina polepole, kama mtu anayejifunza. "Sa. Li. Mu." Ikalirudia kwa upole, likiwa limekamilika.

Kuluthum akayaziba masikio ya mwanawe kwa viganja vyote viwili. "Endesha," alisema.

Lori likashuka kwa kasi, kuni hazikupakiwa. Hakuiondoa mikono yake mpaka walipovuka reli kuingia mjini. Njia nzima, chini ya viganja vyake, aliihisi ile shingo ambayo haikuwa na nguvu hata ya kubeba kichwa ikijikaza, kidogo kidogo, ikitaka kugeuka nyuma.