Hando Dirishani

Mapenzi anafua mashuka katika hoteli moja ya Watamu. Wiki nyingine huingia kazini usiku, wiki nyingine asubuhi. Akitoka zamu ya usiku hunywa chai, hujitupa kitandani chali, na kulala mchana kutwa. Mavyaa wake Kabibi, mama wa mumewe, hufukuza kuku wasimpigie kelele. Kwa kuku bibi huyo ni mkali. Kwa watu hana neno.

Adhuhuri moja Mapenzi alifumbua macho. Mwili haukusogea. Kifua kilikuwa kizito. Mbele yake aliona hando jeupe, ile sketi ya marinda ya wanawake wazee wa Kigiriama. Alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Usingizi ukamchukua tena, na alipoamka alasiri chumbani hapakuwa na mtu wala hando.

Nyumbani mwao anayevaa hando ni mmoja tu.

Ilipotokea tena, Mapenzi alimwambia mumewe, Kalama. "Mama yako ananikaba usingizini."

Kalama alichungulia nje kama kuna aliyesikia. Alijua neno hilo likitoka nje, watu watasema "mchawi". Alijua pia yanayowapata wazee wenye mvi wakishaitwa hivyo. Lakini mkewe aliogopa kurudi kulala.

Kabibi alisikia yote kutoka jikoni. Alianza kufunga nguo zake.

"Nitaenda kwa dada yangu," alisema. "Nisiwavunjie nyumba."

Inauma kumwona mama wa watu akifunga fundo la leso.

Kalama alikwenda mbio kumwita jirani yao Zakiya, mhudumu wa afya wa jamii.

"Shikamoo, mama," Zakiya alimwamkia Kabibi.

"Marahaba, mwanangu."

Zakiya alimsikiliza Mapenzi mpaka mwisho. "Mwenzangu, hilo ni jinamizi," alisema.

"Ndilo. Nami nataka kujua nani amelituma."

"Halitumwi. Tunapoota, ubongo huulegeza mwili tusije tukarusha mateke. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili. Macho yanaona, mwili haujaamka, na ndoto haijaisha."

"Lakini hando nililiona, dada."

Kabibi aliacha kufunga. "Uliliona kweli," alisema. "Jua la adhuhuri hukupiga usoni. Mimi huingia kwa kunyata nikatundika hando langu la pili dirishani, upate kulala. Jua likishapita, nalitoa."

Mapenzi alijifunika uso kwa leso akalia. "Nisamehe, mama. Fungua hilo fundo, nakuomba."

Kalama ndiye aliyelifungua.

"Uchovu huleta jinamizi," Zakiya aliendelea. "Na kubadili saa za kulala, na kulala chali. Lala kwa ubavu. Omba zamu isiyobadilika. Likija, usipigane nalo. Pumua polepole, ujaribu kusogeza kidole kimoja. Likizidi, au ukawa unasinzia ghafla ukiwa kazini, twende zahanati."

Msimamizi wa hoteli alimpa Mapenzi zamu ya asubuhi. Sasa hulala usiku kama watu wengine. Jinamizi lilipungua sana.

Juzi mchana alirudi amechoka, akajilaza kidogo. Likamjia. Weupe ule ule ulisimama dirishani. Mapenzi aliogopa, lakini hakupigana. Alipumua. Kisha akasogeza kidole, kidogo tu.

Kabibi, aliyekuwa akitundika hando, alikiona. Akakishika.

"Ni mimi," alisema.

Sauti ya Mapenzi ilirudi. "Najua, mama," alijibu, akageukia ubavu, akalala tena.