Gauni la Mwalimu Lina Mayai

Kila alasiri Kiherehere alitoka shule na kwenda kushona vifungo kwenye baraza la shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi cherehani hodari, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kumwambia kila mteja aje kesho. Mara umeme umekatika, mara bibi yake amefariki. Bibi huyo alikuwa amekwisha kuzikwa mara nyingi.

Gauni la Mwalimu Mkuu lilining'inia barazani, likingoja vifungo tu. Chozi wawili, wale ndege wadogo wanaofyonza maji matamu ya maua, wakalipenda. Dume, mwenye kifua chekundu na mgongo wa kijani unaometameta, alishinda kwenye kioo cha wateja akipigana na sura yake mwenyewe. Jike, wa rangi ya vumbi, ndiye aliyefanya kazi. Aliokota nyuzi chini ya cherehani, akazifunga kwa utando wa buibui kwenye mkono wa gauni. Kiherehere alipomwonyesha shangazi, aliambiwa kuwa zitaondolewa kesho.

Ijumaa Mwalimu Mkuu alitokea. Harusi ya mdogo wake ilikuwa Jumamosi. Shangazi akamnong'oneza Kiherehere aking'oe kiota upesi. Kiherehere alichungulia ndani, akaona mayai mawili, roho ikamwuma. Akakataa.

Shangazi hakuwa na pa kukimbilia. "Mwalimu, ndege ametaga kwenye gauni lako."

Mwalimu alikunja uso. "Afadhali ungemuua bibi yako tena."

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Kiherehere. "Ni kweli. Njoo uone."

Mwalimu alisogea. Mdomo mwembamba uliopinda ukachomoza kiotani. Hasira zake zikayeyuka. Alisema mama huyo asiguswe mpaka makinda yaruke, kwa maana akivunjiwa kiota, mayai nayo yatapotea. Kisha akavuta kigoda, akaketi.

Shangazi alikata kitambaa kilichobaki, ambacho kilitosha gauni la pili, akashona bila kuinua kichwa. Kiherehere alitia vifungo. Kabla ya jua kutua, Mwalimu alikuwa mbele ya kioo na gauni jipya, akimwomba dume ampishe.

"Jike huyu hana cherehani wala umeme, na kazi yake imekwisha," alimwambia shangazi. "Wewe umezoea kusingizia. Leo umesema kweli, na imebidi ndege akutolee ushahidi."

Shangazi aliinamisha uso, akacheka kwa aibu. Mteja mwingine alipopiga hodi, alifungua kinywa kama kawaida, akatupia jicho kiotani.

"Ingia," alisema. "Tunamalizia sasa hivi."